Ndege Iliyoomba kwa Adabu

Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52, Boeing 707 iliyotoka Bogotá kupitia Medellín, ilikuwa inazungushwa angani ikingoja zamu ya kutua uwanja wa John F. Kennedy, New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na foleni ya ndege ndefu. Ilisubirishwa mara tatu, jumla ya dakika 77.

Aliyeshika redio alikuwa rubani msaidizi, kwa kuwa kapteni hakukimudu vizuri Kiingereza. Akasema anadhani wanahitaji "priority". Alipoulizwa wanaweza kungoja muda gani, akajibu dakika 5 tu. Na Boston, uwanja wao wa akiba, hawaufikii tena, mafuta yatawaishia. Kwa upande wake alikuwa ameshasema yote. Lakini kwa waongozaji wa ndege wa Marekani, neno linalofanya kila ndege ipishe ni "emergency", na hilo hakulitamka.

Hapo nawaomba wanaoandika ripoti za miradi kwa Kiingereza wasogee karibu. Mwongozaji aliyeikabidhi ndege kwa wenzake wa kituo kilichofuata hakuwa ameisikia habari ya Boston, kwa hiyo aliwapa zile dakika 5 peke yake. Makabidhiano ya namna hiyo tunayaona kila siku: tarehe inafika, sababu yake inabaki njiani.

Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana kwa sababu ya upepo. Kapteni akamwamuru mwenzake awaambie kuwa ni "emergency". Yule akaitikia mnara kuhusu uelekeo wa ndege, akasema watajaribu tena, kisha mwishoni akachomekea kwamba mafuta yanawaishia. Kapteni akauliza kama ameshawaambia. Akajibu kuwa ameshawaambia. Baadaye mwongozaji akaeleza kwamba atawapeleka maili 15 kaskazini-mashariki kabla ya kuwarudisha, akauliza kama wao na mafuta yao wanaafiki. Jibu lilikuwa kwamba anadhani ni sawa, na asante sana.

Adabu hiyo tunaijua. Fedha za mradi zimekwisha, mkandarasi ameondoka, nasi tunaandika kwamba kuna changamoto kidogo na tunajitahidi. Mswahili mwenzako ataisikia sauti iliyo chini ya maneno, atapiga simu. Mfadhili aliye Ulaya atasoma alichoandikiwa, ataweka alama kwamba mambo yanakwenda, ataendelea na faili jingine. Simlaumu sana; wala simlaumu rubani peke yake, maana mnarani nako hakuna aliyemuuliza waziwazi kama hiyo ni hali ya dharura.

Injini zilizimika kwa kukosa mafuta, ndege ikaangukia Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 walifariki 73. Haikuwaka moto, kwa kuwa hapakuwa na cha kuwaka.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali iliwatia lawamani kwanza marubani, kwa kutosimamia mafuta na kutotangaza dharura. Ikataja pia kwamba hapakuwa na maneno sanifu ya hali ya mafuta yanayoeleweka sawasawa na pande zote. Miaka mingi baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliyaweka: "minimum fuel", kwamba ndege haiwezi kuvumilia ucheleweshaji zaidi, na "Mayday fuel", kwamba hiyo sasa ni dharura. Tangu 2008 marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wanatakiwa pia kuthibitisha kiwango chao cha Kiingereza.

Ofisini hakuna shirika la kutupangia maneno. Timu yenye watu wa nchi tatu iketi kabla ya ripoti ya kwanza na kuulizana: "urgent" ni leo au ni wiki hii? "At risk" ni tarehe inayoweza kutupita, au ambayo tayari tunajua itatupita? Na anayelisoma neno hilo saa 11 jioni, siku ya Ijumaa, anatakiwa kumpigia nani?