Ndama Bado Yupo

Sanamu haimfukuzi Mungu. Inaomba tu kuketi karibu naye. Waisraeli walipochoka kumngoja Musa ashuke mlimani, Haruni aliwasubia ndama kwa dhahabu ya masikioni mwao, kisha akatangaza sikukuu ya Bwana. Hawakudhani wamehama dini. Nasi tunasali Jumapili na sadaka tunatoa, lakini Jumatatu mshahara, cheo au sifa za mtandaoni ndivyo vinavyoamua tuseme kweli au tudanganye, tusamehe au tulipize. Fedha yenyewe haina kosa, wala cheo (hata ile dhahabu ilikuwa pambo tu). Kabla ya kulala leo, jiulize: ni amri ya nani uliyoitii mchana kutwa bila kubisha?