Mashine Haina Haya

Nahodha apangaye mabaharia wa mashua ya kuvua nje ya hifadhi ya Shungimbili, huko Mafia, humtazama kijana usoni. Akimkataa, kesho watakutana pwani, na kijana ana haki ya kumwuliza: kosa langu nini? Wahenga walinena, uso umeumbwa na haya. Na haya humzuia mwenye amri asidhulumu.

Siku hizi waajiri wengine huiachia kompyuta kuchuja maombi ya kazi. Mashine hujifunza kutokana na walioajiriwa zamani. Waliobaguliwa jana huwabagua tena, na dhuluma ikapewa jina la hesabu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupinga uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee. Ni kheri kubwa, ila neno “pekee” ni mlango ulioachwa wazi. Karani akigonga muhuri bila kusoma, mashine haiko pekee tena, na haki imezama. Sheria na imtake agongaye muhuri aweze kueleza sababu kwa kinywa chake, mbele ya aliyemkataa.