Chevelle Iliyoshindwa na Foleni

Mwenye gari hili ni wa kutunga. Makosa yake si ya kutunga. Gereji za Marekani zimeyazoea, na bado wapo wanaoyalipia upya.

Tumweke kwenye kitongoji kimoja cha Detroit, Michigan, na tumkabidhi Chevelle ya mwaka 1970 aliyoachiwa na baba yake: milango miwili, V8 ya Chevrolet yenye inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Ni la ukoo wa magari ya misuli, yale ya ukubwa wa kati ambayo tangu Pontiac GTO ya 1964 yalikuwa yakitiwa injini kubwa kuliko umbo lilivyostahili. Hashindani nalo. Analitembeza jioni za kiangazi, analipeleka dukani, na kila Agosti anaingia nalo Woodward Avenue, kwenye ule msafara wa magari ya zamani ulioanza 1995, siku ambayo barabara hujaa mpaka mtembea kwa miguu akalipita gari.

Injini ilipoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, uamuzi ulimjia haraka. Hataishia kuifumua na kuirudishia ringi na beringi. Ataikuza iwe 383.

Hesabu ya 383 inajulikana kwa kila fundi wa Chevrolet kule. Mwaka 1970 kampuni ilitoa V8 ya inchi 400 kwa ajili ya magari makubwa ya familia, na krenki yake ilikuwa na mkono mrefu zaidi: pistoni ilipanda na kushuka inchi 3.75, wakati kwenye 350 ni inchi 3.48. Mafundi wakagundua kwamba sehemu za krenki hiyo zinazokalia beringi kubwa zikisagwa kutoka inchi 2.65 hadi 2.45, inaingia kwenye bloku ya 350. Silinda zikitanuliwa kidogo, kwa inchi 0.030, ujazo unafika 383. Leo hakuna haja ya kusaga krenki, kwa kuwa mpya zinauzwa zikiwa tayari. Kinachosagwa ni bloku. Konrodi sasa inazunguka duara pana zaidi, na boliti zake hukaribia kugusa kingo za chini za silinda, ukingo wa sampo, hata nundu za kamshafti. Fundi makini huizungusha krenki kwa mkono, polepole, akipima nafasi silinda moja baada ya nyingine kabla hajafunga chochote. Jamaa yetu alipata fundi wa namna hiyo, kwa hiyo tusitafute mchawi gereji.

Wala krenki ndefu yenyewe haikuwa kosa. Kwa gari la kutembelea ni chaguo zuri kuliko mengi. Kuna wanaodai kwamba siri yake ni ule mkono tu, kwamba konrodi inasukuma wenzo mrefu zaidi. Hiyo ni nusu ya habari. Chukua injini mbili zenye ujazo sawa, moja ina silinda pana na mwendo mfupi wa pistoni, nyingine silinda nyembamba na mwendo mrefu: kwa shinikizo lile lile, msokoto wao ni ule ule. Faida ya krenki ya inchi 3.75 ni kwamba ndani ya bloku uliyonayo umepata ujazo zaidi kwa karibu asilimia 8. Ujazo huo ndio unaoliondoa gari la tani moja na nusu na ushei kwenye taa za barabarani bila kukanyaga mafuta hadi sakafuni. Buick walilijua jambo hili vizuri: V8 yao ya inchi 455 ya mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na msokoto wa pauni-futi 510, karibu Nm 690, kwenye mizunguko 2,800 tu kwa dakika. Hiyo ni mizunguko ambayo mtu anaifikia akienda kanisani.

Tatizo la jamaa ni kwamba alikuwa na mapenzi mawili. Tangu utotoni alisikia sifa za Camaro Z/28 ya 1967 hadi 1969, na mlio wake haukumtoka masikioni. Injini ile ilikuwa ya inchi 302, yenye krenki fupi ya inchi 3.00, na iliundwa hivyo kwa sababu mashindano ya Trans-Am yaliweka ukomo wa inchi 305. Ukinyimwa ujazo, njia inayobaki ni kuizungusha injini kwa kasi kubwa. Ilikuwa dawa ya ugonjwa ambao Chevelle haikuwa nao, kwa sababu hakuna kanuni ya Trans-Am inayomfuata mtu njiani kwenda dukani.

Akanunua kamshafti ya mbio, ile inayoacha valvu wazi muda mrefu. Silinda hedi akabakiza zile zile za zamani, za chuma, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Hapo injini ikawa na mabwana watatu. Hedi hupitisha hewa kwa kiasi chake. Kama ziliishiwa pumzi kwenye mizunguko 5,500 zikiwa juu ya 350, juu ya 383 zitaishiwa karibu na 5,000. Krenki basi inakivuta kilele cha nguvu kuja chini, kamshafti inakisukuma kwenda juu, na hedi haziwezi kukifuata kamshafti inakotaka. Na ukilazimisha kwenda huko, tayari kwenye mizunguko 6,500 wastani wa kasi ya pistoni unapita mita 20 kwa sekunde, wakati krenki ya zamani ingekuwa kwenye mita 19. Mzigo huo unaishia kwenye boliti za konrodi.

Halafu difu. Muuza vipuri alimwambia, kwa haki kabisa, kwamba kamshafti kama hiyo inataka gia fupi, naye akatoa difu ya 3.08 akaweka ya 4.10. Kwa tairi za inchi 26, mwendo wa kilomita 105 kwa saa uliokuwa ukihitaji mizunguko kama 2,600 ukaanza kudai zaidi ya 3,400. Giaboksi haina gia ya nne ya kupumzikia. Safari ya saa moja kwenye barabara kuu ikawa saa moja ya kelele na harufu ya petroli.

Yote hayo aliyavumilia mpaka Woodward. Kwenye foleni ile, chini ya jua la Agosti, injini ilikataa kutulia. Akiweka gia ya kwendea, inazima. Akiipandisha mizunguko isizime, gari linajisukuma mbele lenyewe, kwa sababu toku konvata ya kiwandani hushika mapema mno kwa kamshafti ya namna hiyo. Mguu wa breki ulikuwa na kazi maradufu, na ndipo alipogundua kwamba pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Busta ya breki hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi, na kamshafti ya mbio huua mvuto huo injini inapozunguka polepole. Sindano ya joto ikapita nyuzi 110 za Selsiasi. Akakata kona, akaegesha kando, akafungua boneti mbele ya watu waliokuja kutazama magari yanayotembea.

Alirudi kwa fundi. Mzee yule hakumuuliza habari za nguvu farasi.

“Kijana wangu, siku nyingi gari hili linatembea kwenye mizunguko mingapi?”

“Elfu mbili, elfu tatu hivi.”

“Sasa mbona umenunua vya elfu sita?”

Kamshafti ikatoka, ikaingia ndogo, ambayo ndani ya 383 hutulia zaidi kuliko ingetulia ndani ya 350. Breki zikarudi. Lakini likaibuka jingine, na hili ndilo wengi hawalitegemei: kila mlima, injini inagonga. Tukae hapa kidogo. Injini ya zamani ingetanuliwa tu bila krenki mpya, kila silinda ingekuwa na sentimita za ujazo 727, na tuseme juu ya pistoni inabaki nafasi ya 80. Jumlisha, gawa kwa 80, unapata mgandamizo wa 10.1 kwa 1. Krenki ndefu inaifanya silinda iwe 784. Nafasi ya juu ni ile ile 80, na mgandamizo umepanda hadi 10.8 bila mtu kuugusa. Ndiyo maana pistoni za 383 ya barabarani kwa kawaida huwa na bonde. Za jamaa zilikuwa bapa. Kamshafti ya mbio ilikuwa imeificha hitilafu hiyo, kwa kuwa hufunga valvu ya kuingizia kwa kuchelewa na kuacha sehemu ya hewa irudi ilikotoka. Ile ndogo ilipofunga mapema, shinikizo lote likabaki ndani, na petroli ya vituo vya kawaida haikulimudu.

Akanunua hedi za alumini, ambazo kila chumba chake cha kuchomea mafuta ni kikubwa zaidi kwa sentimita za ujazo 12 na njia zake za hewa ni bora. Mgandamizo ukashuka hadi 9.5. Difu ikawa ya 3.42. Katika vyote alivyonunua mara ya kwanza, vilivyobaki ndani ya gari ni krenki, na konrodi na pistoni zilizokuja nayo.