Kuhifadhi si Kumiliki: Maadili ya Kuzuru Stesheni ya Aldwych

Stesheni ya reli ya chini ya ardhi ya Aldwych, jijini London, ilifunguliwa mwaka 1907 ikiitwa Strand, ikafungwa tarehe 30 Septemba 1994. Lifti zake zilikuwa zimechakaa, na abiria walikuwa wachache mno kuhalalisha gharama ya kuweka mpya. Tangu hapo watengenezaji filamu wameitumia, na wageni wameongozwa kuteremka ngazi zake ili kuiona. Swali la kimaadili ni hili: mgeni huyo ana haki gani ya kustarehe mahali ambapo wengine walijificha kwa hofu?

Mwaka 1940, mabomu ya Ujerumani yalipoishambulia London, huduma ya treni ilisitishwa na raia wakalala humo. Katika njia hiyo hiyo ya chini kwa chini zilihifadhiwa pia sanamu za Parthenon, ambazo Lord Elgin alizitoa Athens na serikali ya Uingereza ikazinunua mwaka 1816.

Yamkini mtu atadai kwamba ziara kama hiyo ni utovu wa heshima. Dai hili halina mashiko ya kutosha. Msomaji wa tanzia naye hupata ladha katika maafa ya wengine, wala halaumiwi. Kosa haliko katika ladha, bali katika kudhani kwamba kuona ni kujua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Isitoshe, mahali palipopambwa mara kwa mara kwa ajili ya kamera hapasemi kweli tupu. Hapana budi pasomwe kwa tahadhari, kama matini yoyote.

Hapa ndipo sanamu zinapotoa funzo. Ni kweli kwamba ziliokolewa na mabomu. Hata hivyo, Ugiriki haijakoma kuzidai, kwani usalama wa kitu haujibu swali la mwenyewe ni nani. Vivyo hivyo, anayeitunza stesheni na anayeizuru hawawi wenye hofu iliyolala humo. Wao ni wadhamini tu, na mdhamini hudaiwa hesabu: asimulie alichokiona, akiri asichokipitia, na asiliazime chozi la mwingine akalifanya lake.

Ziara ya namna hiyo si starehe tupu wala si dhambi. Ni amana.