Chupa Iliyopasuka Usiku

Kuna jambo lisilofaa kunyamaziwa. Katika nyumba moja ya mji wetu ilitiwa chupa ya kombe ndani ya friji, mahala pa kugandishia barafu, nayo imejaa mpaka kizibo. (Habari ya kombe lenyewe tuiache kwa leo.) Asubuhi ikaonekana imepasuka. Wenye nyumba hawakutafuta sababu. Walikwenda kwa mpiga ramli, naye akawatajia mke wa jirani. Tangu siku hiyo mama yule, mwenye kusali na kufunga, haitikiwi hata salamu.

Twawauliza: lau mngalitia maji matupu, chupa isingalipasuka? Ingalipasuka vile vile. Vitu vingi vikipata baridi hujikunja. Maji nayo hujikunja, lakini yafikapo digrii 4 za Selsiasi hugeuka yakaanza kutanuka, na yagandapo huzidi kwa kiasi cha sehemu 9 katika 100. Chembe zake ndogo mno, ambazo yakiwa maji husongamana bila ya mpango, huwa sasa zimeshikana kwa safu za pembe sita zenye uwazi katikati, basi zikataka nafasi kubwa zaidi. Kioo hakitanuki, kitafanyaje? Hata mabomba ya chuma hupasuka Ulaya wakati wa baridi kali. Na huku kwetu, juu ya Mlima Kenya, maji huingia katika nyufa za majabali, yakaganda usiku, yakayapasua. Je, majabali nayo yana mahasidi?

Kwa kutanuka huko barafu ni nyepesi kuliko maji, huelea. Na samaki wa maziwa ya nchi za baridi huishi chini yake. Hii ni rehema ya Muumba, nasi tumeifanya fitina.

Yapata miaka 1,000 iliyopita Al-Biruni alimwandikia Ibn Sina akamuuliza mas-ala hii hasa: ikiwa baridi hukunja vitu, mbona chupa iliyojaa maji huvunjika yakiganda? Alipojibiwa hakuridhika, akarudi kuhoji. Hakumtafuta wa kumsingizia.

Friji ile ingali inafanya kazi. Mwenye shaka ajaze chupa nyingine maji ya mfereji, akaze kizibo, aifunge nguoni isije ikamkata, ailaze humo usiku mmoja. Asubuhi akishaitazama, apite nyumba ya jirani akamtake radhi.