Haki ya Mlinzi wa Kopo

Si haba wanaodhani kuwa mchezo wa mtoto ni jambo dogo. Siku ya Idi au ya harusi, wakubwa waishapo kula na kuketi kivulini, watoto huachwa uwanjani kana kwamba hawana shughuli. Kumbe shughuli wanayo, tena nzito: hupatana sheria, huitii, na huhukumiana.

Chikongola, katika mji wa Mtwara, ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Mji huo ulipanuka baada ya 1947, Waingereza walipoanza mpango wao wa kulima karanga. Mpango uliachwa 1951, mji ukabaki. Wamakonde, Wamakua, Wayao na wengineo hukaa humo mlango kwa mlango. Watoto wasio wa ukoo mmoja hawana mzee mmoja wa kuwaamulia. Yawapasa kuafikiana wenyewe.

Mfano mwema ni kombolela, mchezo ambao jina lake lenyewe lina mwangwi wa neno kukomboa. Mmoja hulinda kopo. Wengine hujificha nyuma ya miti na kuta. Amwonaye humtaja kwa jina, naye huwa mateka. Lakini asiyeonekana bado akichomoka mafichoni, akawahi kulipiga kopo teke, mateka wote huwa huru, na mlinzi huanza kazi upya.

Hapa lazuka swali. Mlinzi amekimbia juani, amewanasa sita. Wa saba anamharibia kazi yote kwa teke moja. Je, ni haki ukombozi wa wengi uwe adhabu ya mmoja? Amtazamaye mlinzi peke yake atajibu kuwa si haki. Awatazamaye mateka peke yao atajibu kuwa ni haki tupu. Wote wawili wameona upande mmoja tu wa uwanja.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliwachunguza watoto wachezao gololi, akachapisha maoni yake 1932. Aliona kuwa mtoto mdogo huichukua kanuni kama amri isiyoguswa. Akipevuka huifahamu kuwa ni mapatano ya wenzi. Kwa kipimo hicho kanuni ya kombolela ni ya haki, kwa kuwa mlinzi wa leo ndiye mateka aliyekombolewa jana. Analipa deni la neema aliyoionja.

Lakini hoja hiyo ina sharti lake. Zamu isipozunguka, haki hufa. Yupo mtoto mwenye miguu mizito au umri mchache ambaye, akiachiwa kopo, atalilinda hata jua litue. Kwake kanuni iliyo tamu kwa wenzake ni uonevu. Asiyekubali kushindwa si mshindani: methali hiyo ni nasaha kwa awezaye kushinda, kwa asiyeweza kamwe ni dhihaka. Pengine mtoto mkubwa hujitolea kulipokea kopo, pasipo kuamriwa. Tendo hilo halimo katika kanuni, lakini bila hilo kanuni haidumu, maana aliyeonewa huenda zake na mchezo huvunjika.

Basi wakubwa wana wajibu gani? Si kuleta zawadi ya mshindi katika mchezo ambao furaha yake ni kuwafungua wengine. Wawakinge na barabara, wawape maji, kisha wasikilize. Ugomvi waamuao watoto wenyewe ni baraza lao la kwanza. Na watu wazima, ambao nao wana walinzi na mateka wao, wanaweza kujiuliza: ni nani aliyeshika kopo tangu asubuhi, na ni nani atakayempokea?