Fundi na Arbuni

Mwezi wa Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa Januari, mlango wa fundi cherehani hujaa wazazi. Kila mmoja ana kitambaa mkononi na arbuni mfukoni. Fundi huwajibu wote, "Njoo Jumamosi." Naye ajua vema kwamba Jumamosi hiyo amekwisha kuiahidi kwa wengine.

Je, huyu ni mwongo? Wengi watasema la, ni shida tu. Aliyeajiriwa hupata mshahara mwisho wa mwezi hata kazi ikipungua. Fundi anayejitegemea hana chakula asipopata mteja, na sare zikiisha wateja huwa haba. Akimkataa mama wa watu leo, mama huyo atakwenda kibanda cha jirani, wala hatarudi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatupendi kuwahukumu maskini hali sisi tumeshiba.

Lakini tutazame arbuni ni kitu gani. Si sadaka. Ni sehemu ya bei ya siku fulani za kazi, na siku iliyokwisha kuuzwa si mali ya fundi tena. Kuiuza mara ya pili ni sawa na kuuza shamba moja kwa watu wawili, jambo ambalo fundi mwenyewe angelipigia kelele barazani. Wala hana bwana wa kumsingizia: kazi ameichagua yeye. Atakayelipa ni mtoto atakayesimama mstarini na sare ya mwaka jana, imembana mabegani.

Afadhali aseme, "Kabla ya tarehe 20 siwezi, mama." Wengine watamwacha, kweli. Wengine, tumeona, hungoja.